Madamu, nina nafasi gani?

Kila mwaka matokeo ya kidato cha nne na cha sita yakishatoka, kuna vijana wanakuja kunitafuta kwenye ukumbi wa kwaya hapa Isevya, Tabora mjini. Wengine wanatoka Urambo, Sikonge, hata Nzega. Wanaimba, wanapiga kinanda, mmoja mmoja anapuliza tarumbeta, halafu wanauliza lile lile: madamu, nikienda kwenye usaili wa chuo cha muziki nina nafasi gani? Mzazi akiwepo huwa hataki maelezo marefu. Anataka asilimia.

Mimi sianzi na sauti ya mtoto. Namuuliza kwanza anaomba kusomea nini hasa, sauti au chombo, na kama ni chombo, chuo anachokitaka kina nafasi ngapi za chombo hicho mwaka huu. Karibu wote hawajui, na wengi hawajawahi kufikiri kwamba hilo ni swali.

Haya sikuyapata kitabuni. Nilipokuwa mwanafunzi wa muziki huko pwani nilikuwa napewa hela kidogo kuwapigia piano wasailiwa ambao hawakuja na mpigaji wao. Mpigaji haangaliwi na mtu. Umekaa pembeni, unamwona mwombaji usoni, na ukigeuza shingo kidogo unaona kalamu za wasaili zinapoandika na zinapolala. Mwombaji anaingia mara moja, anatoka anatetemeka, anabaki kukisia maisha yake yote. Wewe umebaki kitini, umemsikia aliyemtangulia na aliyemfuata, na jioni wakati wa kufunga mafaili unasikia wanavyozungumza.

Na wanavyozungumza sivyo tunavyodhani huku nje. Sikuwasikia wakipanga watu kuanzia bora hadi dhaifu kama matokeo ya mtihani. Nilisikia, "Waimba tenori tunao wangapi?" "Yule wa besi anamaliza mwaka huu, nani atashika nafasi yake?" "Soprano basi, tumejaza." Kwaya ya chuo inahitaji sauti nne, soprano na alto za wanawake, tenori na besi za wanaume, bendi ya chuo inahitaji watu wa nyuma, mwalimu wa fidla ana saa zake za kufundisha na zikijaa zimejaa. Kwa hiyo soprano hashindani na mpiga tarumbeta hata kidogo. Anashindana na masoprano wenzake, nao ndio foleni ndefu kuliko zote. Nimeona mwimba tenori wa kawaida kabisa, anayefika juu kwa shida, akichukuliwa siku ambayo soprano wawili waliomzidi kwa kila kitu wamerudishwa nyumbani. Kwa yule soprano ni uonevu. Lakini ukiwahi kuongoza kwaya yenye wanawake ishirini na mwanamume mmoja mwenye mafua, utawaelewa wasaili.

Vyuo vikubwa vya ughaibuni vinafanya hivyo hivyo, tena bila kuficha. Taasisi ya Curtis iliyoko Philadelphia, Marekani, ina wanafunzi wasiozidi mia mbili kwa jumla, na tangu 1928 hakuna anayelipa ada ya masomo. Idadi yao inapimwa kwa mahitaji ya okestra na opera ya shule. Mwaka ambao hakuna mpiga fagoti, lile zumari refu la sauti nzito, anayeondoka, mlango wa fagoti umefungwa, hata uje umepiga namna gani. Ndiyo maana zile asilimia za waliokubaliwa, chini ya kumi kwa shule kama Curtis au Juilliard, zinatisha bila kufundisha. Ni wastani wa vyombo vyote kwa pamoja. Ndani yake kuna mtu aliyegombania nafasi moja na watu mia, na kuna mwingine aliyepishana mlangoni na watu wachache tu.

Sasa rudi Tabora. Huu ulikuwa mji wa bendi. Kiko Kids walitoka hapa, Tabora Jazz, Nyanyembe Jazz, na wazee wa Kanyenye na Gongoni bado wanabishana nani alikuwa mkali wa gitaa la solo. Zilikuwepo saksafoni na tarumbeta mitaani. Leo kijana wa Ng'ambo akitaka kujifunza saksafoni sijui nimwelekeze nyumba ipi. Kilichobaki kwa wingi ni kinanda cha umeme cha kanisani, na ndiyo maana kila anayekuja kwangu ni mpiga kinanda au mwimbaji, yaani anaingia kwenye foleni mbili ndefu kuliko zote kabla hajabonyeza hata noti moja. Wenye bahati ni wale waliokulia kwenye vikundi vya tarumbeta vya Moravian. Wenyewe hawajui kama wana bahati. Wengi wanakuja wanataka kuomba nafasi ya kinanda, tarumbeta wanaiona ni kitu cha mazishi na Pasaka.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni simu. Ukipiga ofisi ya udahili utaambiwa "njoo tu, nafasi zipo," jibu ambalo halina kazi. Omba kuongea na idara ya muziki yenyewe, usiulize "nina nafasi?" Uliza: mwaka huu wanamaliza wapiga fidla wangapi? Mwalimu wa chombo hiki yupo, au anakuja mara moja kwa wiki? Watu wa idara wanajibu maswali hayo vizuri tu, kwa sababu hayawalazimishi kuahidi kitu. Na vyuo vyenyewe havifanani. TaSUBa ya Bagamoyo, iliyoanza 1981 kama Chuo cha Sanaa, ni ya sanaa kwa upana wake, ngoma na maigizo na muziki, hivyo kijana anayecheza ngoma na kupiga ngoma hapotezi kitu akijionyesha pale. Dhow Countries Music Academy kule Mji Mkongwe, Unguja, ilifunguliwa 2002 na taarabu ndiyo roho yake, na vyombo vyake: udi, kanuni, fidla. Anayetaka shahada ya muziki anaangalia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au Makumira kule Usa River, Arusha. Mtu anayeomba sehemu zote hizi kwa wimbo mmoja na maelezo yale yale anajipunguzia mwenyewe.

Halafu kuna karatasi, na hapa sikai sana kwa sababu hakuna cha kujadili. Cheti cha awali kinataka ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini kidato cha nne. Shahada, kwa anayetoka kidato cha sita, inataka ufaulu wa masomo mawili ya juu. Mzee mmoja wa Ipuli aliniletea binti yake, sauti ya kumwagia maji moyoni, akaniambia, "Mwalimu, huyu hata bila vyeti watamchukua, msikilize." Nikamsikiliza, nikafurahi, kisha nikamwambia mzee ukweli: wasaili wanaweza kumpenda mpaka kulia, lakini mfumo wa udahili hauna masikio. Hakupenda. Binti alirudia mitihani miwili, akaomba mwaka uliofuata.

Pale mezani penyewe ndipo vijana wetu wanapojipima vibaya zaidi. Wanajipima kwa wimbo waliouandaa. Wameuimba kanisani, watu wamesimama, mama zao wamepiga vigelegele, basi wanaona wameiva. Lakini kila anayekuja amesimamisha watu kwao. Wimbo ulioandaliwa unamwonyesha msaili kitu umefanya kwa miezi sita. Anachotaka kujua ni utafanya nini kwa dakika mbili.

Wanaofanya mitihani ya ABRSM, bodi ya mitihani ya muziki ya Uingereza, wanaliona hili kwenye mgawanyo wa alama. Mtihani wa vitendo wa kawaida una alama 150. Nyimbo tatu ulizoandaa zina 30 kila moja, jumla 90. Sitini zilizobaki ni skeli, yaani kupanda na kushuka ngazi za noti, 21, kusoma noti papo hapo 21, na jaribio la masikio 18. Kufaulu ni 100. Maana yake aliyepiga nyimbo zake zote bila dosari hata moja, akanyamaza kwingine kote, bado amefeli. Usaili wa chuo hautumii jedwali hilo, ila hiyo tabia ya kutoridhika na wimbo peke yake utaikuta kila mahali. Chuo cha muziki cha Berklee, Boston, Marekani, wanakusikiliza wimbo, kisha wanakutaka ubuni papo hapo, urudishe wanachokupigia, usome usichowahi kukiona, halafu mkae muongee.

Kinanda cha kanisani kina maradhi yake hapa. Wapigaji wetu wengi wanajua ufunguo mmoja, C au F, na kwaya ikipandisha wanabonyeza kitufe cha transipozi. Vidole vinabaki pale pale, sauti inapanda. Jumapili hakuna anayejua. Siku moja kwenye usaili aliingia kijana, mavazi safi, vidole vyepesi, amezoea kinanda chenye biti zake. Akakuta piano ya mbao. Akaitazama juu, akainama kuitazama chini, akauliza inawashwa wapi. Hakuna aliyecheka, nawashukuru kwa hilo. Akapiga wimbo wake kwenye C vizuri sana. Msaili akamwambia, "Sasa huo huo tupigie kwa E-flati, mistari miwili tu." Mikono ikapanda, ikasimama hewani, ikashuka magotini. Kijana huyu, ningekutana naye kanisani, ningesema ana nafasi kubwa kuliko wote waliokuja siku ile.

Kuna binti mmoja wa alto namkumbuka kwa sababu ya kinyume chake. Alikuwa mtu wa solfa, kama sisi wote tuliolelewa na vitabu vya kwaya vya do re mi vilivyoandikwa kwa herufi na nukta. Noti za mistari mitano alikuwa hajui kabisa. Wimbo wake aliuimba wa kawaida, ningempa nafasi ndogo. Akapewa karatasi ya kusoma papo hapo, mistari mitano, ufunguo wa G, shapu moja, mapigo matatu. Akaitazama kwa muda mrefu mpaka mimi nikaanza kuona haya kwa niaba yake. Kisha akasema, "Samahani mwalimu, naomba kujua do iko wapi."

Msaili mmoja akatabasamu tabasamu la kukata tamaa. Aliyekuwa mtu mzima zaidi akainuka, akazunguka meza, akaweka kidole kwenye mstari wa pili kutoka chini. "Hapa." Binti akanyamaza, midomo inacheza, nikaona anahesabu mistari na nafasi kwa kidole chake kwenye sketi. Akaimba. Aliteleza mahali pamoja, akajirudi mwenyewe bila kuambiwa. Yule mzee hakusema vizuri wala vibaya. Akageuza karatasi ya pili, ufunguo wa F, akamwambia, "Hapa do iko nafasi ya kwanza chini." Akaimba tena, safari hii haraka zaidi.

Jioni walimjadili kwa muda mfupi kuliko wote. Hoja ilikuwa kwamba mistari mitano inafundishika muhula mmoja, lakini sikio linalojua umbali kati ya so na do popote do itakapohamia, hilo amekuja nalo. Akachukuliwa. Tangu siku hiyo nimeacha kuwasikiliza watu wanaoidharau solfa, ingawa nakiri bado nawalazimisha wanafunzi wangu wajifunze zote mbili kabla hawajapanda treni.

Wapuliza tarumbeta nawapa onyo lao peke yao. Tarumbeta nyingi zinazopigwa huku ni za B-flati. Ukipuliza C yako, piano inaisikia B-flati, toni nzima chini. Kwenye kikundi hampati taabu kwa sababu wote mnasoma karatasi za namna moja. Ukienda kwenye usaili na karatasi ya piano ukaisoma kama ilivyo, wewe na mpigaji mtakuwa kwenye funguo mbili tofauti tangu pigo la kwanza, na mpigaji asipokuwa na roho nzuri atakuacha uzame. Mimi nilikuwa nashusha toni moja papo hapo, jasho linanitoka. Wewe peleka karatasi mbili, yako na ya piano, na umwambie mpigaji mapema. Wasaili wanaona nani alijua na nani alishangaa.

Kuhusu ishara, watu wanatoka nje wanasimuliana: mimi wamenikatisha, mimi wamenicheka, mimi wamesema asante sana. Karibu zote hazina maana. Kukatishwa ndiko kunakoumiza wengi, na ni kwa kawaida tu. Foleni ni ndefu, wameshasikia walichotaka kusikia, kizuri au kibaya. Tabasamu ni adabu. "Tutawasiliana" wanaambiwa wote. Ishara ninayoiheshimu ni moja: msaili akianza kukufundisha. Akikwambia rudia hapo lakini pumua kabla ya neno hili, au pandisha kiwiko, anapima kama unafundishika, na hajisumbui hivyo kwa mtu aliyekwisha kumwondoa moyoni. Ukibadilika pale pale, hata kidogo, umeongeza nafasi yako kuliko wimbo wote. Ukimweleza kwa nini mwalimu wako wa nyumbani anafanya tofauti, hata kama una haki, umeipunguza. Wakikuuliza ada italipwa na nani, au kama utakubali kuhamia chombo kingine, hapo pia kuna mazungumzo ya kweli yanaendelea, jibu kwa utulivu.

Wachache wanajaribu ughaibuni. Siwakatazi, nawaambia tu kwamba huko kuna milango miwili kabla ya kuonana na mtu. Shule nyingi kubwa za Marekani zinataka video ya mchujo, na mara nyingi mwisho ni tarehe 1 Desemba. Uingereza, vyuo vya muziki vinaombwa kupitia UCAS Conservatoires, mfumo wao wa pamoja wa maombi, na kwa muziki mwisho ni mwanzoni mwa Oktoba, mwaka mzima kabla ya kuanza masomo. Kijana anayeanza kuuliza Januari amechelewa pande zote mbili. Video yenyewe inatakiwa irekodiwe kwa mkupuo mmoja bila kukatwa, mikono ionekane. Tabora, mwisho wa Novemba, mvua imeanza na paa la ukumbi wetu ni la bati. Nimewahi kurekodi na mwanafunzi tangu jua linazama mpaka mlinzi anatufukuza: kipande cha kwanza mvua, cha pili bodaboda, cha tatu umeme, cha nne yeye mwenyewe amechoka na sauti imepauka. Siku hizi tunarekodi Septemba na Oktoba. Kuna vumbi, ndiyo, na koo linakauka, lakini vumbi halisikiki kwenye kipaza sauti.

Na ada ya maombi peke yake kwa shule moja inaweza kuzidi dola 100. Ukiomba shule nyingi bila kuomba kusamehewa ada hiyo, umemaliza hela ya ng'ombe kabla hujasikilizwa. Zaidi ya hapo, kukubaliwa na kuweza kwenda ni vitu viwili. Chuo cha Marekani hakikupi zile karatasi za kuombea viza mpaka kione ushahidi wa fedha ya mwaka wa kwanza. Kwa hiyo mwanafunzi wa Tabora akiniuliza nafasi yake kwenye shule yenye ada kubwa, nahesabu nafasi ya kupata ufadhili. Nyingine ya kukubaliwa tu siihesabu, haina faida kwake.

Chuo kimoja, sitakitaja, kiliwaacha waombaji wa huku miezi bila jibu lolote, si ndiyo si hapana, na mmoja wao aliacha nafasi nyingine iliyokuwa mkononi akisubiri. Baada ya hapo nikaanza kuuliza mapema kabisa kama chuo kina orodha ya akiba na inasogea lini. Orodha ya akiba ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Marekani inasogea baada ya tarehe 1 Mei, siku ambayo waliokubaliwa sehemu nyingi wanatakiwa wachague moja. Kwetu inasogea kimya kimya, mkopo unapomkosa mtu, mwingine anapochaguliwa ualimu, soprano mmoja anapoolewa. Mpuliza tarumbeta wa tatu kwenye akiba ya tarumbeta yuko karibu na mlango kuliko mwimbaji wa tatu kwenye akiba ya waimbaji, kwa sababu nyuma yake na mbele yake watu ni wachache.

Kwa hiyo nikimwandaa mtu sasa namwambia awe na vyuo vitatu, kimoja kati yao kiwe kile ambacho idara yake imesema kwa mdomo wake kwamba inatafuta watu wa chombo chake. Namwambia asiuze kinanda kulipia safari. Na akiwekwa akiba, namba yake ya simu isibadilike, nauli ya kwenda ibaki pembeni, na asifungue sanduku mpaka wiki ya pili ya muhula ipite. Kuna mmoja alipigiwa simu akiwa shambani Sikonge, mikono imejaa gundi ya tumbaku, akaambiwa aripoti Jumatatu. Ilikuwa Ijumaa, na akafika.